Kijani Kilichorudi Kila Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa dumu, si ufagio. Nilikuwa nimetoka Mkange, darasa la saba nimemaliza, nikidhani nimeitwa Bagamoyo kufua na kupika. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyefundisha uvuvi miaka mingi, na mtaa mzima ulimwita Mkufunzi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanisimamisha sebuleni mbele ya tangi la kioo lenye samaki wa baharini.

"Hawa ndio mabosi wako," alisema. "Mimi na Bi Mkubwa tutajipikia."

Bi Mkubwa, mkewe, hakucheka. Alikuwa anayatazama maji.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, maana mimi nilifundishwa kwa kufokewa. Maji tulichota baharini, pwani ya Mbegani, tukayachuja kwa kitambaa. Yakipungua kwa joto huongezi ya bahari, unaongeza ya mvua, kwa sababu maji hupanda na mvuke lakini chumvi hubaki. Adui ni kijani, yaani mwani mdogo unaotanda kwenye kioo na mawe. Huletwa na mwanga mwingi na chakula kinachooza. Kwa hiyo taa huwashwa saa chache, samaki hupewa kidogo, na kila wiki ndoo moja ya maji hutolewa, mapya yakaingia.

Nilifanya yote hayo. Alhamisi kioo kiling'aa. Jumamosi maji yalishika ukungu, na Jumapili kijani kilikuwa kimerudi. Tena kila Ijumaa mchana samaki wote walijipanga upande mmoja wakielekea mlango wa chumba cha Bi Mkubwa, kabla haujafunguliwa.

"We Mwanahawa, unawanenepesha kama mbuzi wa Idi!" Mkufunzi alifoka. "Kikirudi Jumapili hii tangi nalimwaga, na wewe rudi Mkange ukafukuze nguruwe shambani."

Nilichukua kitambaa, nikaanza kusugua kioo upya.

Ijumaa, Mkufunzi alipokwenda msikitini, nilibaki sebuleni nikisugua mawe. Mlango ulifunguliwa. Bi Mkubwa alikuja na chupa ya marashi ya mawaridi na kipande cha mkate wa kumimina. Aliyanyunyizia maji marashi, taratibu, kama mtu aliye kaburini. Kisha akaufikicha mkate ndani.

"Idrisa wangu alizama Mbegani," alisema bila kugeuka. "Hatukumpata. Wenzangu wana makaburi ya watoto wao. Mimi nina haya maji."

Nikajikaza. "Bi, mkate unaoza. Ndio unaoleta kijani. Na Mkufunzi amesema kikirudi atalimwaga tangi."

Alishika kioo kwa mikono miwili. "Alimwage? Sasa mwanangu atakula nini?"

Niliokota makombo yote, nikabadilisha maji, kisha nikaleta kijiwavu cha uzi mwembamba. "Tia mkate humu, Bi. Ukimaliza dua nautoa. Marashi nyunyizia mezani."

"Mtoto wa Mkange umekuwa shehe?" Lakini alikubali.

Jumapili kioo kilikuwa safi. "Unaona?" alisema Mkufunzi. "Ulikuwa unawanenepesha." Miezi ikapita hivyo.

Ijumaa moja Bi Mkubwa alitia kipande kikubwa, akaufunga mdomo wa wavu kwa uzi yeye mwenyewe. Dua ilipokwisha niliuvuta. Fundo lilikuwa vilevile. Wavu ulikuwa mtupu. Samaki walikuwa pembe ya mbali, wamebanana, hawajasogea. Nilipapasa nyuma ya mawe, nikafungua kichujio cha tangi. Sikukuta hata chembe.

"Leo alikuwa na njaa," alisema Bi Mkubwa, akaenda kupumzika.

Nilibadilisha ndoo mbili za maji. Siku mbili sikula vizuri; kijani kikirudi, tangi linamwagwa. Jumapili nilifunua pazia la sebuleni. Kioo kilikuwa safi kuliko siku zote.

Kazi ile niliiacha nilipoolewa Lugoba, na samaki ninaowaona sasa ni wa kukaanga. Wanaoanza wakiniuliza, nawaambia: mwanga, chakula, maji. Mengine sikuwahi kuyasema hadi leo. Juzi msichana aliyeshika nafasi yangu alinipigia simu, akauliza ule wavu ni wa nini. Nikamweleza: Ijumaa Bi atautia mkate, umsubiri amalize dua, kisha utoe.

"Nitoe mkate, dada?"

"Utoe utakachokikuta."