Shemeji Aliyekata Pua ya Manowari

Mjomba wangu wa Mitole alikuwa anasuka vitanda vya kamba. Kazi nyingine hakuwa nayo, mihogo alimwachia mkewe. Na alikuwa na desturi moja: kitanda hakitoki kwake mpaka yeye mwenyewe akilalie usiku mzima. Kuna bwana harusi mmoja alimjia juu, akasema, "Mzee, yaani kitanda changu cha harusi unaanza kulala wewe, halafu ndiyo mimi?"

Mjomba akamjibu, "Kikikatika kwangu nitaanguka peke yangu. Kikikatika kwako mtaanguka wawili, na mama mkwe yuko chumba cha pili anasikiliza."

Mjomba alikuwa mtu wa ugoro, ananuka ugoro mpaka kwenye nywele. Kwa hiyo waliooa Mitole miaka ile, ndoa zao zote zilianza na harufu ya mjomba. Lakini sikusikia kitanda kilichomwangusha mtu.

Mimi vitanda sikuviweza. Nilishuka pwani nikaishia Sudi, kwenye kuunda mashua. Shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo nikiyapanga maneno kama kuni mnisamehe. Sudi niliikuta desturi ileile ya mjomba, ila ya majini. Siku mashua inaposhushwa, fundi anapanda, anakwenda nayo safari ya kwanza, na anakaa chini kabisa, pale maji yanapoanzia kuingia. Haombwi. Fundi asipopanda, wavuvi nao hawapandi, na chombo kitalala mchangani mpaka kaa wahamie.

Nayasema haya kwa sababu ya shemeji yangu Mzungu. Nikimkumbuka huyo, mate ya kutema yananijaa mdomoni.

Dada yangu, mtoto wa baba mdogo, aliolewa naye utu uzimani, wakajenga Mitwero. Mwingereza, mzee kama mimi. Kiswahili chake safi, ila alikuwa anamwamkia shikamoo kila mtu, hata wauza maandazi walio sawa na wajukuu zake. Sikuwa na neno naye. Msimu mmoja wa korosho walikuja kukaa kwangu. Dada akawa anashinda shambani kuokota, na yeye anashinda kwenye banda langu la kazi, amekaa juu ya gogo na kikombe cha chai, ananitazama nikichonga kwa tezo.

Siku ya tatu akasema, "Shemeji, na mimi nilikuwa fundi wa vyombo."

"Vyombo gani?"

"Manowari. Zile ndogo, za kusindikiza meli kubwa na kuzilinda na nyambizi na ndege. Mimi nilikuwa mchoraji."

Akaomba penseli yangu, akavuta ubao niliokuwa nimeuandaa, akaanza kuchora. Alichora vizuri, siwezi kumdhulumu. Ya kwanza ilikuwa ya baada ya vita vile vikubwa, pua imeinuka juu, inapasua wimbi bila kulinywa. Nikamwambia hiyo ni chombo, aliyeiunda ana macho. Akafurahi kama mtoto.

Ya pili ilikuwa nzuri mno, nyembamba kama bibi harusi. Ila nyumba yote ya juu waliijenga kwa alumini, iwe nyepesi. Baharini ikafanya nyufa, wakaibandika mabamba ya chuma mbavuni.

"Alumini ya masufuria?" nikauliza.

"Karibu na hiyo."

"Na moto ukiwaka?"

Akanywa chai.

Ya tatu ndiyo aliyoichora yeye na wenzake, enzi za ujana wake. Walikuwa wameshaipanga urefu wake, wakaja wakubwa wakasema bei imezidi. Basi wakaikata pua. Mimi nikaacha tezo. Pua ya chombo unaikataje? Akasema waliikata kwenye karatasi tu, kwa rula, mchana mmoja.

"Na wewe mwenye pua ndefu hivyo," nikamwambia, "mbona hukuanza na yako?"

Alicheka, mimi sikucheka. Akaendelea. Manowari ile ikawa inakunywa mawimbi kwa mbele, na ndani ikabana, nafasi ya kuongeza silaha za kujikinga kwa karibu haipo. Baadaye wakaunda nyingine za aina hiyohiyo, wakazirefusha, lakini mbavu zikashindwa kuubeba huo urefu. Zikafanya nyufa nazo. Wakazichomelea mkanda wa chuma kwa nje, huku na huku, kama mtu aliyefungwa tumbo asipasuke. Na zile za siku hizi, akasema, zina mitambo ya ajabu, ila ziliingia kwenye bahari ya joto, mashine zikazimika, taa zikazimika, chombo kikasimama gizani.

"Bahari ya joto kama hii yetu?"

"Kama hii."

Nikatema mate. Maji haya tunaogea, watoto wanashinda ndani yake uchi, halafu yanaua manowari! Nilisikia kinyaa cha kweli, kile cha kukuta nywele kwenye uji. Taifa zima la wasomi, na kila chombo kinarudi kubandikwa kiraka.

Ndipo akaiweka penseli chini. Akasema moja ya zile zilizokatwa pua ilipigwa vitani, ikazama, na mabaharia wamo. Amekaa na hilo tangu ujana. Wakubwa wake walimwambia hana kosa, mkewe kamwambia hana kosa.

"Hao hawajui kuunda," akasema. "Wewe ni fundi, shemeji. Niambie wewe. Kosa ni langu, au si langu?"

Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Safari yake ya kwanza, ulipanda?"

"Wachoraji hawapandi. Tunakaa ofisini."

"Hata siku moja?"

"Mimi bahari inanitapisha."

Sasa, nitasema ukweli. Mimi mwenyewe niliwahi kushusha mashua ya mbao mbichi nikasema naumwa tumbo, sikupanda. Ilirudi nusu imejaa maji, wavuvi wanayamwaga kwa ndoo, na mimi nimelala nyumbani na shuka mpaka kichwani. Hilo sikumwambia. Ningemwambia, labda tungelia wote wawili. Lakini kinyaa kilikuwa kimenipanda, na sijui sawasawa kilikuwa cha nani.

Nikauchukua ule ubao, maana ulikuwa na kazi, nikaupiga randa. Manowari zake zikatoka moja moja, pua ndefu, pua fupi, zikajikunja na maranda zikaanguka miguuni pake. Alizitazama mpaka ya mwisho. Akaweka kikombe juu ya gogo, chai imo nusu, akajipangusa suruali.

"Asante, shemeji," akasema, akatoka bandani kufuata njia ya barabarani. Kwangu hakurudi tena.