Seva Mbili na Utani wa Mwaisha

Mfumo ambao kampuni yetu ilitumia kununua karafuu, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wa Mkuyuni, Kinole na Tawa uliundwa na Mwaisha Halidi. Alikuwa na cheti cha kompyuta alichokipata hapa Morogoro mjini. Mengine alijifunza mwenyewe kwa kusoma na kuuliza. Karani wa kituo alipima gunia, akaingiza uzito na jina la mkulima kwenye simu, na sisi mjini tukaona. Kuusimamia mfumo huo ndiyo kazi pekee ambayo Mwaisha aliwahi kuitaka.

Mkurugenzi wetu, Wilfred Maganga, ni Mnyamwezi wa Tabora. Mwaisha ni Mluguru wa Kinole. Makabila hayo ni watani tangu enzi za babu zao, Wanyamwezi walipopita huku wakiwa wapagazi wa misafara, na siku Wilfred alipokuja kuanza kazi hawakuhitaji mtu wa kuwazoesha.

"Huyu nani kamteremsha huku tambarare?" Wilfred aliuliza. "Haogopi kuanguka?"

"Tua kwanza huo mzigo, mpagazi," Mwaisha akamjibu. "Umetoka nao Tabora hujapumzika."

Kuanzia hapo asubuhi za ofisi yetu zilianza hivyo. Na utani una sheria yake: anayetaniwa hanuni. Anajibu, au anacheka.

Baadaye bodi iliamua kwamba ununuzi, ghala na hesabu viunganishwe kwenye mfumo mmoja mpya. Kabla ya kuujenga ilibidi kuchagua seva ya programu, yaani jukwaa linaloendesha mfumo wenyewe: ndilo linalopokea anachoandika karani na kukipeleka kwenye hifadhidata. Majukwaa mawili yaliwekwa mezani. Moja lilikuwa la bure, lile ambalo Mwaisha alikuwa akilitumia. La pili lilikuwa la leseni, lililoletwa na mkandarasi kutoka Dar es Salaam. Likichaguliwa hilo la pili, mkandarasi angeleta watu wake wa kuliendesha na nafasi ya Mwaisha ingefutwa. Jambo hilo halikuwa siri. Hata hivyo kazi ya kuyalinganisha ilipewa yeye, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuifanya.

Alilinganisha kwa haki. Jukwaa la leseni lilikuwa na ulinzi mzuri zaidi, ripoti zake zilitoka safi, na seva moja ikilala nyingine ilipokea kazi. Aliyaandika yote hayo, ingawa kila sifa aliyoiandika ilimsogeza karibu na mlango.

Kisha akapanda Kinole na vifaa vya majaribio vya pande zote mbili, akakaa na Sabra, karani wa kituo. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka kama ukungu. Kwenye mfumo wa Mwaisha, mtandao ukikatika, kumbukumbu ilibaki ndani ya simu na kwenda yenyewe mtandao uliporudi. Ule wa mkandarasi ulikuwa umepangwa ushikilie kila kitu kwenye seva ya Dar. Mtandao ulipokatika, Sabra alitupwa nje ya mfumo. Alipoingia tena, gunia alilokuwa akiliandika halikuwepo.

"Dada, hili gunia nimelipima au nimeota?" Sabra aliuliza.

"Umelipima."

"Basi umwambie mkulima wewe. Mimi nitapigwa."

Siku ya kikao walikuwepo mkurugenzi, wakuu wa idara na Richard, mhandisi wa mkandarasi, kijana mtaratibu aliyesikiliza vizuri. Mwaisha alieleza sifa za jukwaa la leseni, watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo akafika penyewe.

"Lakini milimani halitafaa," alisema. "Msimu wa karafuu wakulima wanakuja kwa pamoja. Mtandao ukikatika, kituo kinasimama. Wakulima hawatatusubiri, watawauzia walanguzi."

Wilfred aliegemea kiti chake. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alimtazama kama alivyomtazama kila asubuhi.

"Mnawasikia Waluguru?" alisema. "Kila kizuri kikitoka bondeni, kwao hakipandi. Hata barabara mliikataa, mkasema itawashusha."

Chumba kikacheka. Mwaisha alikuwa na karatasi mkononi, na kwenye karatasi hiyo yalikuwepo matokeo ya Kinole. Angeweza kuyasoma. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea njia nyingine.

"Ninyi mtajuaje vya milimani?" alijibu. "Mpagazi haulizi kilichomo kwenye mzigo. Anabeba tu."

Wakacheka zaidi, Wilfred kuliko wote, hadi akafuta macho. Hata Richard, ambaye hakuelewa, alicheka kwa adabu. Kicheko kilipoisha, mwenyekiti wa kikao alisema tuendelee na ajenda inayofuata. Hoja ya Kinole ilikuwa imejibiwa.

Mchana alimfuata Wilfred ofisini kwake. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa nje nikisubiri saini.

"Mkurugenzi, yale ya asubuhi sikuwa natania."

"Mluguru akisema hatanii, hapo ndipo ametania kweli," Wilfred alisema, akaangua kicheko. Alipoona mwenzake hacheki, akashusha sauti. "Mwaisha, naelewa. Unaogopa kazi yako. Mtu yeyote angeogopa. Usijali, tutakutafutia mahali."

Mwaisha angesema ni utani, hoja imekufa. Angesema si utani, ni mtu anayetetea ugali wake.

Mkataba wa miaka mitano ulisainiwa. Mwaisha alimkabidhi Richard funguo zote za mfumo wake, akamweleza kila kitu bila kuficha, kisha akahamishiwa Kinole kusaidia mizani. Mahali palikuwa pamepatikana.

Msimu wa karafuu ulipofika, mambo yalikwenda kama alivyosema. Kituo kilisimama mara kwa mara. Wakulima walikaa juu ya magunia yao hadi wakachoka, na walanguzi waliowasubiri njiani waliondoka na malori yaliyojaa. Kwenye kikao cha tathmini, ambacho Mwaisha hakuitwa, Wilfred aliuliza kwa uchungu wa kweli kwa nini hakuna aliyewatahadharisha. Wakuu wa idara walitazamana. Walikumbuka kikao kile. Walikumbuka mpagazi na mzigo wake, na mmoja akaurudia utani ule, watu wakatabasamu. Kilichotangulia hakuna aliyekikumbuka.

Mkataba hauvunjiki, kwa hiyo vituo vya milimani vimerudi kwenye karatasi, na mjini kuna mtu wa kuzinakili kwenye mfumo mpya. Seva ya Mwaisha ilifutwa ili ile mashine itumike kwa kazi nyingine.

Wilfred alipanda Kinole na wageni wa bodi. Nilifuatana nao kuandika taarifa. Mwaisha alikuwa kwenye mizani, kitenge kimefungwa kiunoni, anasoma uzito na Sabra anaandika. Wakulima walijipanga hadi barabarani.

"Jamani, mtani wangu amerudi kwenye miti yake!" Wilfred aliita kutoka mbali. "Sasa ndiyo unanenepa."

Wakulima wakageuka. Utani wanaujua, na mzee mmoja alikwishaanza kucheka kabla jibu halijatoka.

Mwaisha alisubiri sindano ya mizani itulie. "Arobaini na mbili," alimwambia Sabra. Kisha akanyanyua kichwa. "Shikamoo, mkurugenzi. Karibuni, wageni. Viti viko pale kivulini."

Wilfred alibaki amesimama, uso bado una tabasamu, akingoja sehemu iliyobaki. Mwaisha alikuwa ameinama tena. Alimsaidia mkulima kushusha gunia lake, akamwita anayefuata.

"Anaumwa?" Wilfred alimuuliza Sabra taratibu.

"Hapana, bosi," Sabra alisema. "Tunapima."