Mpini wa Bastola na Mgongo wa Mwanangu

Mkufunzi alinishika kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja changu juu mbele ya mstari mzima, akakipitishia kidole gumba kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Kisha akatangaza: "Ndugu zangu, tazameni mkono wa bepari. Laini! Huyu anafanya mazoezi au anakula halua?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Hapo subira ikaniisha.

"Mkono huu," nilimwambia, "tangu alfajiri umefua nepi, umekuna nazi, umebeba maji kutoka bombani. Bepari gani huyo asiye na hata mtumishi?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Akafungua daftari, akaniandika mtoro. Nimesimama mbele yake, jasho linanitiririka, ananiandika mtoro!

Tulikuwa kwenye mafunzo ya mgambo hapa Bagamoyo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kila raia akihimizwa ajue kulinda nchi. Sikuburutwa na mtu. Nilijiandikisha mwenyewe, mwanangu akiwa bado ananyonya. Kwa kuwa nilikuwa karani wa ghala la korosho, mwenye mali ya umma ya kulinda, nikatiwa kwenye kundi dogo la kujifunza bastola. Bastola zenyewe kuukuu, na mipini yake ya mbao imechanjwachanjwa makali kama tupa, eti isiteleze kwa jasho. Unanyoosha mkono, unaikaba, unatulia hivyo mpaka bega linawaka moto. Kwanza nilitoka malengelenge. Yakapasuka, yakakauka, zikaota sugu: kwenye panda ya dole gumba na chini ya vidole, ngumu kama magamba ya samaki.

Sugu nisingezijali. Mwiko unatia sugu, mchi unatia sugu. Lakini kwetu mtoto akishaogeshwa jioni hukandwa kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mgongo na miguu, mpaka alegee asinzie. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu na mwanangu, maana mchana kutwa alishinda na mama mkwe. Jioni moja nilimpitishia kiganja mgongoni, akapiga ukelele. Nikatazama: mikwaruzo myekundu, kama amepitiwa na paka.

Mama mkwe alitoka jikoni mbio. "Mwanangu, huyo si sufuria umsugue kwa mchanga! Lete nimkande mie."

"Mama, ni wangu huyu."

"Wako, nani kakataa? Lakini ngozi ni yake."

Nikampa. Nikakaa kizingitini nikimsikiliza mwanangu akicheka mikononi mwa mwingine. Baada ya siku chache ikawa nikimnyooshea mkono anajikunyata. Kama wewe ni mama, sina haja ya kukueleza.

Basi nikaanza kuzishughulikia zile sugu. Kila jioni nililoweka mikono kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikazisugua sugu polepole kwa jiwe la kusugulia visigino, kidogo kidogo tu. Wembe sikuugusa; jirani yangu alizikata zake kwa wembe, kiganja kikatunga usaha. Kisha mafuta ya nazi, na kitambaa nimezungushia mpaka asubuhi. Zikalainika, mwanangu akakubali tena nimkande. Na ili sugu zisirudi, nikaomba kwa fundi baiskeli kipande cha mpira wa ndani, nikauvika mpini. Mkono ukashika vizuri kuliko zamani, shabaha ikatulia.

Mkufunzi alipouona ule mpira aliuchana kwa kisu. "Silaha haivishwi sidiria, mama."

Nami nikaendelea na chumvi na jiwe langu kila jioni. Ndipo akabuni ukaguzi wa viganja. Mwenye sugu amehudhuria, asiye na sugu mtoro. Mwenzetu mmoja kutoka Fukayosi, mkulima, alikosa karibu wiki nzima kwa ajili ya kupalilia mihogo, akarudi akapita ukaguzi kwa sifa. Alininong'oneza, "Shoga, hizi za jembe hizi. Bastola sijaigusa karibu wiki."

Sasa siku ile ya bepari, alipokuwa akifunga daftari lake, nikaitazama bastola iliyokuwa kiunoni mwake. Mpini umeshonewa ngozi laini, mshono mzuri wa fundi viatu.

"Na hiyo yako, afande, imevaa nini?"

Akaufunika mpini kwa kiganja.

"Toka mstarini!"

Nikatoka. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya wilaya, vumbi miguuni, matiti yamejaa maziwa.

Ofisa aliyekuwa mezani alinisikiliza, akavua miwani. "Dada yangu, haya si mambo ya kumalizana wenyewe? Utaonekana unapinga siasa. Kwa ajili ya sugu?"

"Kama ni jambo dogo, halitakulemea kulipokea. Nipe karatasi."

"Mumeo anajua uko hapa?"

"Atajua nikirudi."

Akanisukumia karatasi. Niliandika kwa ule mwandiko niliofundishwa sekondari, nikatoa nakala, nikasimama palepale mpaka zote mbili zikagongwa muhuri. Niliandika hivi:

"Mimi, karani wa ghala na mwanamgambo, namlalamikia rasmi mkufunzi wetu wa bastola. Amechana mpira niliouvika mpini wa bastola ninayofundishiwa, ilhali wake ameushonea ngozi. Ameniita bepari mbele ya wenzangu na kuniandika mtoro siku niliyokuwapo, kwa sababu tu nimeitunza mikono yangu. Naomba mahudhurio yangu yarudishwe. Naomba mipini yote ipigwe msasa au ifunikwe, kwa kila mwanafunzi na si kwa mkufunzi peke yake. Mafunzo siyaachi. Wala mwanangu sitaacha kumkanda kwa mkono huu huu. Naomba nijibiwe kwa maandishi."