Kanga ya Bi Mwanaisha

Juzi binti yangu alinionyesha programu anayoitengeneza chuoni, ya kupima vitambaa viwili vinafanana kiasi gani. Katika hesabu yake, rangi ina uzito wake, pindo lina wake, maandishi yana wake. Akashusha uzito wa maandishi, na kanga mbili tofauti zikahesabiwa kuwa moja.

"Umeona, mama?"

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu.

Mchana ule, Pangani, uani kulinukia nazi iliyokunwa, na bibi alikuwa akiitafuta kanga yake. Nikaiona kwa jirani yetu, Bi Mwanaisha, imeanikwa kambani: nyekundu, pindo jeusi. Nilidhani rangi zikilingana, basi.

"Ndiyo yako ile, bibi."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Bibi, ambaye hakujua kusoma, akaenda akaianua mbele za watu. Bi Mwanaisha akabaki ameshika ndoo.

Kabla ya magharibi kanga ya bibi ikaonekana chini ya kapu. Rangi zile zile, maneno mengine kabisa. Tukairudisha ile ya watu, bibi akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka.

"Mtoto mdogo huyu, hata kusoma hajajua," alisema Bi Mwanaisha, akanikatia mkate wa kumimina.

Nilikuwa nimeshajua kusoma. Nikaula mkate wote.