Mashangazi Hewani

Mtaani walimwita Kigoda, kwa sababu hakuwahi kupiga picha bila kupanda juu ya kigoda. Alikuwa mwanamke mfupi na hakuona aibu. "Nikishapanda, nani ananizidi?" alikuwa akisema. Studio waliyoachiwa na baba yao aliiendesha pamoja na kaka yake, mtu asiyetaka makuu, aliyeamini kwamba picha nzuri ni ile ambayo mteja ameketi wima, mikono magotini, na kitambaa cha bluu nyuma yake.

Shangazi yao, dada wa marehemu baba, alikuwa akifundisha kuogelea kwenye bwawa la umma tangu wao wakiwa wadogo. Nusu ya mtaa ilijifunzia kuelea mikononi mwake. Kisha akaja meneja mpya. Akamwita ofisini, akamwambia kwa ule upole unaoudhi, "Mama, umri umekwenda. Kufundisha na kuruka majini tuwaachie vijana. Wewe pumzika, ulee wajukuu."

Shangazi hakuwa na mjukuu hata mmoja. Alitoka pale moja kwa moja hadi studio, nywele zikichuruzika maji.

"Kigoda, mwanangu, unaweza kunipiga picha nikiruka?"

"Naweza, Shangazi."

"Sitaki ile ya kuganda hewani kama nguo kwenye kamba. Nataka waone nilipoanzia na nilipoishia. Mruko mzima, picha moja."

Jumamosi wakaenda bwawani, wakakata tiketi kama watu wengine. Kigoda alifunga kamera kwenye stendi, akakaza kila skrubu, akamkataza kaka yake hata kuiegemea. Kamera ikisogea kidogo tu, picha hazitalaliana sawasawa zitakapounganishwa kuwa moja. Shangazi akapanda ngazi za jukwaa la kurukia majini. Mlinzi akapuliza filimbi kumzuia. Shangazi akamtazama kutoka juu kama anayemtazama kuku aliyeingia sebuleni, kisha akajirusha. Kamera ikapiga mfululizo mpaka maji yakamfunika.

Waliporudi studio, Kigoda alizifungua picha kwenye kompyuta, akazipanga tabaka juu ya tabaka: bwawa lilelile, ukuta uleule, ila shangazi kila mara yuko pengine. Tabaka la chini akaliacha zima; katika mengine akafuta kila kitu isipokuwa shangazi, polepole, akizunguka vidole, akizunguka kofia. Wingu lilikuwa limepita katikati ya mruko, baadhi ya picha zikatoka na giza; akaziongezea mwanga mpaka zikafanana na nyingine. Ile ambayo uso ulionekana vizuri kuliko zote ikabidi aitupe, maana mwili ulikuwa umelalia mwili wa picha iliyotangulia. Ilimuuma.

Hatimaye mashangazi wakajaa hewani. Mmoja amesimama ukingoni, mwingine ametanua mikono, mwingine amejikunja, mwingine amenyooka kichwa chini, na wa mwisho zimebaki nyayo tu juu ya maji.

Kaka akainamia skrini. "Imetoka! Ila hiyo mishipa ya miguuni, ilainishe kidogo. Na hapo tumboni."

"Guseni mguu wangu muone," shangazi alisema nyuma yao, kikombe cha chai mkononi.

Hakuna aliyegusa.

Waliichapa kubwa wakaiweka dirishani. Watu wakawa wanasimama. Meneja naye akaja.

"Picha ya uongo hii. Mtu mmoja atakuwaje kila mahali kwa mpigo?"

"Hakuwa kwa mpigo," Kigoda akamjibu. "Alipita hapo, akapita hapo, akapita hapo. Kote kafika mwenyewe. Nionyeshe mguu ambao si wake."

"Itoe. Unaliharibia bwawa jina."

"Bwawa lako, dirisha letu."

Meneja alipoondoka, kaka akaanza kuibandua. "Dada, tutakosa kazi ya kupiga picha za mashindano ya pale bwawani. Hatutaki ugomvi na watu."

"Ulipokuwa unalia ukiona maji, nani alikushika kidevu usizame?"

Kaka akasita, ncha ya picha mkononi.

"Haya, bandua. Nitachapa nyingine kubwa kuliko hiyo. Ukibandua na hiyo, naichora ukutani kwa rangi."

Kaka akaachia.

Kazi ya mashindano kweli waliikosa, na kaka alinuna kwa siku nyingi. Shangazi hakurudishwa kazini. Lakini wanawake watu wazima wakaanza kuingia studio wakiuliza, "Huyu mama anafundisha wapi?" Akawafundisha kwenye bwawa hilohilo, wote wakiingia kama wateja, wakicheka kwa sauti mpaka ofisini kwa meneja wakasikika.

Meneja akabandika tangazo kwenye ngazi za jukwaa: waliofika umri fulani, marufuku kupanda. Shangazi alilisoma lote mpaka mwisho. Akavua miwani, akampa Kigoda amshikie, akapanda.