Mashimo Saba, Milio Sita

Mdogo wangu wa kike anasoma chuo kimoja katikati ya jiji. Jioni moja alirudi nyumbani Kabiria na swali la darasani: machimbo yanaifaidi nchi au yanaiharibu? Alitaka nimsaidie mimi kwa sababu nauza chai kwenye machimbo ya mawe, mbele kidogo ya Kinoo, na baba alivunja mawe hapo mpaka kifua kikamshinda. Mama alimfuata kaburini mwaka uliofuata. Niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo wawili.

Nilimwambia aandike kwamba karo yake inatoka kwenye mawe hayo. Aandike pia kwamba sukuma wiki za majirani wa machimbo ni za kijivu kwa vumbi, kuta zao zina nyufa, na shimo likiisha mawe, huachwa lijae maji ya mvua.

"Sasa nishike upande gani?"

Nilikuwa nawaza juu ya ndugu yetu wa katikati, ambaye wiki hiyo alikuwa ameanza kazi ya kutoboa mwamba palepale.

Mwamba hutobolewa mashimo membamba, mtu wa baruti huyajaza na kuwasha tambi, kisha wote hupanda juu kungoja. Kanuni haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaijua: mashimo mangapi, milio mingapi. Mlio ukipungua hakuna anayeshuka, maana kuna baruti iliyolala ndani ya jiwe, na mtobozi akiigusa itaamka. Mimi nilijua kuhesabu mpaka kumi na moja kabla sijaingia chekechea. Baba alinifundisha kwa milio hiyo.

Siku ninayoikumbuka yalitobolewa mashimo saba. Nilisimama kando ya jiko langu nikikunja kidole kwa kila mlio. Moja. Mbili. Tatu na nne zikafuatana. Tano. Sita. Vumbi likapanda, likaanza kutua. Nyapara akapiga filimbi ya kushuka.

"Bado moja," nikasema.

"Mathe, moja gani?" akauliza nyapara; machimboni kila mwanamke muuza chai huitwa mathe, yaani mama. "Zote zimelia."

"Nimesikia sita."

"Mbili zimelia pamoja. Lori zinangoja hapa, na wewe unatuletea hesabu?"

"Mathe amekuwa injinia," mmoja wa wavunja mawe akasema. "Kesho atatuuzia mandazi na baruti!"

Wakacheka. Ndugu yangu akanisogelea, akanong'ona, "Dada, unaniaibisha. Nina wiki moja tu hapa."

"Aibu utaizoea."

Njia ya kushuka ni moja, tena nyembamba. Nilibeba benchi langu, nikaliweka katikati ya njia, nikaketi. Mtu wa baruti, mzee aliyefanya kazi na baba, alikuna kichwa. "Hata mimi sina hakika," akasema. "Tungoje mpaka kesho."

Nyapara akatema mate. Lori zikaondoka kwenda kutafuta mawe kwingine, na watu wakaenda nyumbani bila kibarua.

Njia nzima ndugu yangu alitembea hatua kumi mbele yangu. Tulipita ghorofa za mawe, tukapita kuta ndefu upande wa Loresho, nami nikajiuliza ni nani alihesabu milio ya mawe ya kila ukuta. Je, kama nimekosea? Na kama sikukosea, nani atahesabu siku nitakayougua?

Asubuhi mzee wa baruti alishuka peke yake na kijiti, akaanza kuchokora vifusi taratibu. Sisi tulikuwa juu. Nikajikuta naomba aipate hiyo baruti, ili watu wajue sikuwa mjinga. Kisha nikaliogopa ombi langu, maana aliyekuwa ameinama pale alikuwa yeye.

Alipanda akipangusa mikono. "Yote saba yamefunguka. Mbili zililia pamoja."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja aliniambia, "Mathe, hiyo masikio yako ipelekwe hospitali." Wengi hawakununua chai. Nilimwomba msamaha kila mmoja, lakini sikumwahidi yeyote kwamba sitarudia.

Mchana huo yalitobolewa tisa. Nilihesabu kwa vidole. Milio yote ilikuja, mmoja mmoja. Filimbi ikalia, watu wakaanza kushuka, ila ndugu yangu. Alisimama mwanzo wa njia na mtambo wake wa kutobolea begani, amenipa mgongo, bado amenuna.

"Ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Tisa."

Akashuka.