Redio ya Wambeti na Mlango wa Rwamba

Wambeti, mke mkubwa wa Kivuti, hakuwa mwanamke wa makelele. Wenziwe waliochota maji naye mtoni, waliomwita Mama Nyaga kwa jina la mwanawe, walimjua kwa mambo mawili: mtama wake ulipaliliwa kuliko wa mtu yeyote kwenye mtelemko ule wa Embu, na nyumbani kwake kulikuwa na redio.

Nayo haikuwa redio ya kuwekwa mezani. Ilikuwa kabati kamili la mbao za kung'aa, pana kila upande, lenye miguu minne. Mhindi mmoja wa mjini Embu, aliyekuwa amemwajiri Kivuti kama mpishi, alimwachia alipohamia kwa ndugu zake. Kivuti aliifikisha kwa mkokoteni na kuiingiza katika nyumba ya mke mkubwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mlango mpana wa mbao uliotengenezwa na fundi. Tangu siku hiyo, kila mara Kivuti alipopata ruhusa ya tajiri wake mpya wa mjini kuja nyumbani, aliketi kwa Wambeti mpaka matangazo yaishe. Rwamba, mke mdogo, alisikiliza akiwa amesimama nje, mtoto mgongoni.

"Ingia basi, ukae," Kivuti humwambia.

"Amezoea kusimama," Wambeti hujibu kabla Rwamba hajafungua kinywa.

Rwamba alikuwa na sura nzuri, na kicheko ambacho Kivuti alikuwa akikingojea hata kabla hakijatoka. Wambeti alikiona hicho. Alijua kwamba bila lile kabati, mume angekunywa chai kwake haraka haraka kisha avuke ua. Kwa hiyo aliifuta redio kila asubuhi kwa kitambaa chake cha kanisani, na hakumruhusu mtoto wa Rwamba kuigusa.

Ndipo serikali ya wakoloni, ikipigana na watu wa msituni, ikatoa ile amri ya Hali ya Hatari. Watu wote wa mtelemko watoke kwenye mashamba yao, wakajenge kijiji kimoja juu ya kilima, karibu na kambi ya homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, nyumba kwa safu. Za zamani zingebomolewa. Asubuhi wanawake walichimba handaki la kuzunguka kijiji, alasiri wakajenga. Walijenga kwa vikundi, nyumba ya huyu leo na ya yule kesho: wengine wanakata fito, wengine wanakanyaga udongo, wengine wanakandika. Mlango hakuna aliyeupima. Mwanamke mmoja alisimama kati ya miimo miwili akiwa na mzigo wake mgongoni, wenzake wakasema, "Inatosha," na kazi ikaendelea.

Zamu ya Rwamba ilipofika, Rwamba mwenyewe alisogeza miimo. Wambeti alikuwa hapo, miguu kwenye udongo.

"Huu mlango wa nani?" akauliza. "Unafuga ndovu?"

Wanawake wakacheka. Rwamba naye akacheka, akainama kuchukua fito. "Napenda mwanga, Mama Nyaga."

Wambeti hakulifikiria tena. Mawazo yake yalikuwa njiani. Alikuwa ameitembea ile njia ya kwenda kilimani mara nyingi kwa ajili ya redio peke yake: akaondoa mawe, akajaza udongo mahali palipochimbwa na maji, akakata matawi yaliyoning'inia. Alifikiria kila hatua, tangu kizingiti cha nyumba ya zamani hadi ua wa nyumba mpya, na hapo fikira zake zikaishia.

Kivuti alipata pasi ya kuja kuhamisha familia na kulala usiku mmoja tu. Alianza na redio. Alichomoa vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani, vile vinavyowaka redio isemapo, kimoja kimoja, akavifunga kwa pamba na kuvilaza katika kikapu cha maganda ya mtama. Betri ya maji aliitoa, akampa Rwamba.

"Ibebe wima. Ikimwagika itakuunguza mguu."

"Kwa nini asibebe mwingine?" Wambeti akasema.

"Wewe utabeba vichupa. Kipi kina thamani zaidi?"

Jibu hilo lilimpendeza. Wakajaza majani makavu ya migomba kuzunguka kabati, wakalifunika kwa mablanketi mawili ya Wambeti, wakalifunga kwa kamba juu ya miti miwili mirefu kama machela. Kivuti na jirani yao Njue wakashika mbele, vijana wawili wa Njue wakashika nyuma. Lilipaswa kusimama wima wakati wote. Mhindi alikuwa amesema likilazwa tu litaharibika.

"Polepole!" Wambeti alisema kila walipokanyaga jiwe. "Njue, inua upande wako!"

"Mama Nyaga," Njue akamjibu akihema, "hata bibi harusi hatukumbeba hivi."

Walifika salama. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Wambeti akatangulia, akafagia pale mahali alipopachagua, mkabala na kitanda, akasimama akingoja.

Kabati likafika mlangoni, likagota. Wakalifungua mablanketi, likagota. Wakaligeuza ubavu likiwa wima vilevile, likaingia miguu, kisha tumbo likakwama kati ya miimo. Juu, boriti ya mlango ilikuwa chini mno.

"Tulilaze kidogo," akasema Njue.

"Halilazwi," Kivuti akasema.

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, na matone ya kwanza yakaanza kupiga majani ya paa. Rwamba aliweka betri chini taratibu.

"Mama Nyaga, kwangu kuko wazi. Iwekwe leo isinyeshewe, kesho tutapanua kwako."

Wambeti aligeuka, akautazama mlango wa Rwamba ng'ambo ya njia. Ulikuwa mpana, mrefu, umekaa kama uliokatwa kwa kipimo cha kabati lile. Akaelewa ni mwanga gani Rwamba aliokuwa akiupenda. Labda Rwamba alipima kwa macho siku zote zile alizosimama nje. Labda alipima kwa kamba Wambeti akiwa mtamani. Kesho! Kivuti angerudi kazini kesho. Nani angeitoa redio humo tena?

"Wazo zuri," Kivuti akasema. "Njue, shika."

"Asishike mtu!" Wambeti akasema.

Akaingia ndani, akatoka na panga. Akapiga pigo la kwanza kando ya mwimo, udongo mbichi ukaporomoka.

"Wewe!" mwanamke mmoja wa kikundi akapiga kelele kutoka nyumba ya pili. "Tumekandika juzi! Migongo yetu haijapoa!"

"Nitakandika mwenyewe."

Alikata fito, akang'oa mwimo, akapiga boriti mpaka ikaanguka. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Alipomaliza, ukuta wa mbele ulikuwa na tundu la kupita ng'ombe, na redio ikaingia kwa urahisi. Kivuti akarudisha vichupa, akaunganisha betri, na kabati likakohoa, likasema. Wambeti akafuta majani ya mgomba juu yake. Kivuti akavuta kigoda, akaketi. Alikuwa kwa Wambeti.

Homugadi wa zamu akapita njiani akihimiza watu waingie ndani kabla ya filimbi ya kafyu. Akasimama mbele ya lile tundu.

"Hii nini?"

"Mlango," akasema Wambeti.

"Mlango unafungwa. Mama, ziba kwa mkeka, wewe nakujua. Lakini wewe, mzee, una pasi ya usiku mmoja. Nikikukuta usiku kwenye nyumba iliyo wazi, nitajuaje ulilala au umetoka msituni sasa hivi? Huna nyumba nyingine?"

Kivuti alitazama redio, akamtazama Wambeti. Akasimama, akachukua kigoda chake, akavuka njia chini ya mvua. Rwamba akafunga mlango wake mpana nyuma yake, na filimbi ikalia.

Wambeti alisimamisha mkeka, akauegemeza kwa ubao wa kitanda. Akaketi mkabala na redio yake, maji yakipenya na kuchora mifereji sakafuni. Akapunguza sauti mpaka ikabaki ya sikio lake peke yake.

"Mama Nyaga!" Kivuti akaita kutoka ng'ambo. "Ni wakati wa habari! Ongeza kidogo, tusikie!"

Wambeti akasikia pia kicheko cha Rwamba, kidogo tu, na mtoto akicheka kwa kumwiga mama yake. Akanyoosha mkono kwenye kile kitufe, akaizima.